Picha za Kongo: nani aliagiza, nani alionyeshwa?

Katika kambi za wahami mashariki mwa Kongo, mtu mwenye kamera si mgeni. Ametumwa na shirika la kiutu, gazeti ao ofisi ya serikali. Mara nyingi anafika na orodha mkononi: mama anayechota maji, mtoto mgonjwa, watu waliopanga mstari wakingojea unga. Orodha hiyo iliandikwa mbali, na yule anayelipia kazi. Nchini Kongo desturi hii ina zaidi ya miaka 100.

Mmoja wa wapiga picha wa kwanza Waafrika waliojulikana nchini alikuwa Herzekiah Andrew Shanu. Alizaliwa karibu na Lagos mwaka 1858 na kufika Boma mwaka 1884. Boma ndiyo ikawa mji mkuu wa Dola Huru la Kongo, mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Shanu alikuwa karani na mtafsiri wa serikali hiyo. Mwaka 1893 aliacha kazi na kufungua duka lake, na pia alipiga picha. Baadhi zilitoka katika Le Congo illustré, jarida la Ubelgiji lililotangaza kazi za wakoloni. Wasomaji wa Ulaya waliona nchi yenye amani inayojengwa. Mijeledi na mateka hawakuonyeshwa.

Lakini Shanu alijua yaliyofichwa. Kuanzia mwaka 1903 alimsaidia kwa siri konsuli wa Uingereza, Roger Casement, kisha akampelekea mwandishi E. D. Morel habari za kesi ya mtumishi wa kampuni ya utomvu wa mpira. Siri ilipofichuka, watumishi wa serikali walikatazwa kununua kwake. Biashara ikaanguka. Mwezi wa Julai 1905 Shanu alijiua.

Wakati huohuo, kule Baringa, katika jimbo ambalo leo ni Tshuapa, aliishi mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris. Tarehe 14 Mei 1904 alifika kwake baba mmoja aliyeitwa Nsala. Walinzi wa kampuni ya ABIR walikuwa wameshambulia kijiji chake kwa sababu ya utomvu. Alibeba kifurushi cha majani. Ndani mulikuwa mkono na mguu wa binti yake, mtoto wa miaka kama mitano.

Alice hakupiga picha kwa haraka. Alimwomba Nsala aketi ukingoni mwa baraza, na vile viungo viwili mbele yake. Picha haionyeshi damu wala silaha. Inaonyesha mzazi anayetazama kilichobaki cha mtoto wake.

Kazi kubwa ikafuata: kuionyesha. Mwaka huo wa 1904 Morel na wenzake walikuwa wameanzisha Uingereza chama cha kutetea watu wa Kongo. Picha zilihamishwa kwenye vipande vya kioo, zikamulikwa kwa taa, na watu wakaziona kubwa juu ya kitambaa cheupe. Zilipangwa kwa mfuatano, na kila moja ilikuwa na maelezo yake. Katika miaka miwili ya kwanza, Alice na mumewe John walihutubu mara zipatazo 600. Watu waliokuwa wamesoma ripoti bila kuamini, sasa waliona kwa macho. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiacha Kongo, nayo ikawa koloni ya Ubelgiji. Mateso hayakuisha siku hiyo, lakini uongo mkubwa ulikuwa umevunjika.

Kamera zote mbili zilikuwa Kongo, karibu katika miaka ileile. Tofauti ilitoka kwa mwenye kuagiza na kwa lengo lake. Hata hivyo kitu kimoja kilifanana: Nsala hakuwa ndani ya kumbi zile za Uingereza, wala si yeye aliyechagua maneno ya kusomwa chini ya uso wake.

Ndiyo maana jamaa iliyokimbia vita inapoombwa kusimama mbele ya kamera, ina haki ya kuuliza kwanza: Nani amekutuma? Picha hii itaonyeshwa kwa nani? Itaandikwa nini chini yake? Mpiga picha aliyepanga kazi yake vizuri atakuwa na majibu. Na jamaa ikikataa, unga wake usipunguzwe.