Makumbusho ya miji mitatu kwenye njia ya uhuru

Neno makumbusho linatokana na kukumbuka. Nyumba inayoitwa kwa jina hilo huhifadhi vitu ili watu wasisahau. Hata hivyo, ni nani anayestahili kukumbukwa, na ni nani mwenye haki ya kuamua?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika miji mitatu ya Marekani: Louisville katika jimbo la Kentucky, Columbus katika jimbo la Ohio, na Buffalo katika jimbo la New York. Katika miji hiyo Kiswahili husikika leo madukani, makanisani na misikitini, kwa kuwa wakimbizi kutoka Congo, Burundi na Somalia wamepata makao huko. Miongoni mwao wamo Wabantu wa Somalia, walioanza kupokelewa Marekani kwa wingi mwaka 2003.

Ukiitazama ramani kutoka kusini kwenda kaskazini, miji hiyo inafuatana kwa umbali wa zaidi ya kilomita 800. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865, Louisville ilikuwa katika jimbo la utumwa. Columbus ilikuwa katika jimbo huru, na Buffalo ilikuwa mlango wa mwisho kabla ya Canada. Kwa mtumwa aliyetoroka, huo ulikuwa mwelekeo wa uhuru.

Katika mji wa Louisville, nyumba ya Farmington ilikamilika mwaka 1816. Ilikuwa makao ya familia ya Speed, iliyomiliki shamba la katani ya kutengenezea kamba na magunia. Watu wapatao 60 walifanya kazi hapo wakiwa watumwa. Mwaka 1841 kijana mmoja mwanasheria, Abraham Lincoln, alikaa hapo takriban wiki tatu akiwa mgeni wa rafiki yake Joshua Speed. Marafiki hao walipoondoka kwa meli ya mtoni, waliwaona ndani yake watumwa waliofungwa minyororo. Mwaka 1855 Lincoln alimwandikia Speed kwamba picha ile iliendelea kumtesa moyoni.

Farmington ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1959. Lakini jina la Speed linaonekana pia kwenye jumba kubwa la sanaa la mji huo, lililoanzishwa mwaka 1927 na Hattie Bishop Speed kwa kumbukumbu ya mumewe, aliyekuwa mjukuu wa wenye shamba lile. Mwaka 2021 jumba hilo lilifanya maonyesho ya kumkumbuka Breonna Taylor, mwanamke mweusi aliyeuawa na polisi nyumbani kwake mjini humo Machi 2020. Picha yake, iliyochorwa na Amy Sherald, sasa ni mali ya jumba hilo kwa ubia na makumbusho ya taifa ya historia ya Wamarekani weusi mjini Washington. Hivyo, chini ya jina la familia iliyomiliki watumwa, anaheshimiwa binti ambaye mji wake haukuweza kumlinda.

Mjini humo humo, karibu na Mto Ohio, kipo Kituo cha Muhammad Ali, kilichofunguliwa Novemba 2005. Ali alizaliwa Louisville mwaka 1942 na kupewa jina la Cassius Clay, jina la mzungu wa Kentucky aliyepinga utumwa. Mwaka 1964 aliliacha jina hilo na kutaka aitwe kwa jina la imani yake. Mzee wa Kinshasa anayeingia katika kituo hicho huja na kumbukumbu yake mwenyewe ya alfajiri ya Oktoba 30 mwaka 1974, Ali alipomwangusha George Foreman. Mzee wa Dar es Salaam naye atakumbuka mwaka 1980, Ali alipotumwa na Rais Jimmy Carter kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha.

Mjini Columbus historia inapatikana katika nyumba ya kawaida zaidi. Nyumba ya Kelton ilijengwa mwaka 1852 na mfanyabiashara Fernando Kelton na mkewe Sophia. Ilikuwa mojawapo ya vituo vya mtandao wa siri ulioitwa Reli ya Chini ya Ardhi, ingawa hapakuwa na reli wala handaki. Ilikuwa njia ya watu walioaminiana, wakipokezana wakimbizi usiku. Masimulizi yaliyohifadhiwa katika nyumba hiyo yanaeleza kwamba mwaka 1864 Sophia aliwakuta vichakani wasichana wawili kutoka Virginia, Martha na Pearl Hartway. Pearl aliendelea na safari kuelekea kaskazini. Martha alikuwa mgonjwa, akabaki, na miaka 10 baadaye akaolewa na Thomas Lawrence katika nyumba hiyo hiyo.

Columbus ni mji wa msanii Aminah Robinson pia, aliyezaliwa mwaka 1940 na kukulia katika mtaa wa Poindexter Village. Alishona, akachora na kufinyanga maisha ya mtaa huo, akitumia vitambaa, vifungo, udongo na vijiti. Jina la Aminah alipewa na mtu wa dini nchini Misri, alipozuru Afrika mwaka 1979. Sehemu kubwa ya mtaa wake ilibomolewa mwaka 2013, naye akafariki mwaka 2015, akiliachia Jumba la Sanaa la Columbus nyumba yake na kazi zake. Majumba ya mtaa yametoweka, lakini sura za watu wake zimebaki.

Buffalo ndiko swali la nani aamue lilikoulizwa waziwazi. Mji huo ulipojiandaa kwa maonyesho makubwa ya mwaka 1901, hakuna mtu mweusi aliyeitwa katika kamati. Novemba 1900 Mary Talbert na wenzake walikutana katika Kanisa la Kibaptisti la Michigan Street, lililokuwa limewahi kuwaficha watoro wa utumwa. Walidai nafasi katika kamati, na walidai pia kuletwa kwa picha na takwimu zilizoandaliwa na W.E.B. Du Bois na wenzake kwa maonyesho ya Paris. Nafasi hawakupewa. Picha zililetwa.

Katika viwanja hivyo hivyo, watazamaji walilipa kuwaona Waafrika waliowekwa katika kijiji cha maigizo. Na Septemba 6 Rais William McKinley alipopigwa risasi hapo, mmoja wa waliomrukia muuaji alikuwa James Parker, mtu mweusi aliyekuwa katika foleni. Mahakamani hakuitwa kutoa ushahidi. Jengo moja la kudumu lililobaki la maonyesho hayo ndilo leo Makumbusho ya Historia ya Buffalo.

Kwa Wabantu wa Somalia haya si mambo ya watu wa mbali. Wengi wao ni wajukuu wa Wazigua na makabila mengine yaliyotekwa katika karne ya 19 katika nchi ambayo leo ni Tanzania na jirani zake, wakapelekwa kwa majahazi hadi pwani ya Somalia. Baadhi yao walitoroka wakajificha katika misitu ya Mto Juba. Waliibeba lugha ya Kizigua kwa zaidi ya miaka 150, na wapo wanaoizungumza hadi leo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake pale Mkunazini pamesimama kanisa na ukumbusho. Safari ya wale waliovushwa kwenda Juba imehifadhiwa zaidi midomoni mwa wazee.

Mambo ya miji hii mitatu yanaonyesha kwamba kumbukumbu haijiwekei ulinzi yenyewe. Talbert alidai, Robinson alishona, na watunzaji wa nyumba ya Kelton walilishika jina la Martha. Kati ya watu 60 wa Farmington, wengi hawakupata nafasi ya kujisimulia. Wazee wa Kizigua walioko Columbus na Buffalo bado wanayo nafasi hiyo, maadamu wajukuu wao wataketi kuwasikiliza kabla sauti hizo hazijanyamaza.