Tochi ya Shoti: Mambo 5 ya Kujua Kabla Utoe Doo

Kama wewe hufungua kibanda chako Kagio kabla jua litoke, ama hushuka steji usiku ukiwa solo, pengine ushafikiria kununua kifaa cha shoti, ile wasee huita stun gun. Zingine hufichwa ndani ya tochi. Kabla utume M-Pesa, soma hii.

1. Kisheria, hiyo ni bunduki
Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inahesabu kifaa cha kumduwaza mtu kwa stima kuwa silaha, sawa na bastola. Kukimiliki bila cheti ni kosa. Spray ya pilipili usidhani imesazwa, maana sheria hiyo pia inagusa silaha za kurusha gesi au maji ya kudhuru. Karao akikupata nayo, kusema "ni ya kujikinga tu" hakutakutoa kwa seli.

2. Lazima umguse
Ncha zake mbili ziko karibu, kwa hivyo shoti huuma sehemu ndogo tu. Msee aliyelewa chakari anaweza kuvumilia na akupokonye. Na ngeta hutoka nyuma: shingo imekabwa, tochi bado iko kwa mfuko.

3. Ya kurusha pia hukosa
Taser, iliyobuniwa na Mmarekani Jack Cover, hurusha vishale viwili vyenye nyaya. Vyote lazima vishike ndio stima izunguke. Za raia hufika kama mita 4.5. Sasa fikiria baridi ya Julai, kila mtu na jaketi nzito. Kishale kikikwama kwa kitambaa mbali na ngozi, huenda kisifanye kitu. Na wakikuja watatu?

4. "Volti milioni 10" ni mdomo
Hewa huhitaji kama volti 30,000 kwa kila sentimita ndio cheche iruke. Cheche ya sentimita 3 ni kama 90,000. Milioni 10 ingeruka zaidi ya mita 3! Pia, volti pekee haziangushi mtu. Kazi hufanywa na mkondo, muda, na umbali kati ya ncha.

5. Si kichezeo
Mtu akianguka agonge kichwa kwa lami, anaweza kufa. Kortini utaulizwa kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari.

Sasa ufanyeje?
Toka sokoni na mbogi, si peke yako. Panda boda ya msee unayemjua. Usitembee na mauzo ya siku nzima mfukoni, yaweke kwa simu kabla giza liingie. Beba filimbi, haihitaji leseni. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Na wakikukaba, toa simu. Ingine itanunuliwa. Wewe huuzwi dukani.