Unauza Kila Siku Lakini Mtaji Unakata? Anza na Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye maduka wengi wanaijua methali hii, ila jioni wanahesabu hela za kwenye droo, wanachukua za matumizi ya nyumbani, na kesho ni hivyo hivyo. Baada ya miezi michache shelfu ziko tupu, na anayelaumiwa ni chuma ulete. Kabla hujamsingizia, fanya haya.

1. Jua mtaji wako
Hesabu bidhaa zote kwa bei ya kununulia. Jumlisha hela taslimu, za kwenye simu na unazodai watu. Toa unazodaiwa. Kinachobaki ndio mtaji wako wa leo. Rudia kila mwisho wa mwezi uone kama unakua au unapungua.

2. Andika kila kinachoingia na kutoka
Daftari la kawaida linatosha. Chora safu nne: tarehe, maelezo, pesa iliyoingia, pesa iliyotoka. Andika papo hapo, usisubiri kukumbuka usiku.

3. Mauzo sio faida
Tuseme leo umeuza Sh120,000, na bidhaa hizo ulizinunua kwa Sh96,000. Faida ghafi ni Sh24,000. Sasa toa gharama za siku: msaidizi Sh4,000, usafiri Sh3,000, umeme Sh2,000, na kodi ya fremu Sh2,000 (Sh60,000 ya mwezi ukiigawa kwa siku 30). Jumla Sh11,000. Faida halisi ni Sh13,000.

Ukipeleka nyumbani Sh30,000, umekula Sh17,000 ya mtaji. Fanya hivyo siku 30, Sh510,000 imeondoka, na aliyeichukua ni wewe mwenyewe. Jipangie kiasi cha kujilipa kisichozidi faida halisi, na ukiandike kama matumizi mengine.

4. Wadaiwa wawe na ukurasa wao
Ukikopesha bidhaa za Sh15,000, hayo ni mauzo, ila sio hela mkononi. Andika jina, kiasi na siku ya kulipa.

5. Funga hesabu kila jioni
Hela ya asubuhi, jumlisha iliyoingia, toa iliyotoka. Ulianza na Sh20,000, ukapokea Sh105,000, ukatumia Sh9,000? Lazima ukute Sh116,000. Ikipungua, tafuta sababu usiku huo huo, maana baada ya wiki hutakumbuka.

6. Tunza risiti
Ukienda kukadiriwa kodi au kuomba mkopo, daftari na risiti ndio ushahidi wako.

Ukishazoea, hatua inayofuata ni kuandika kila muamala pande mbili, debiti na krediti, mfumo ambao Luca Pacioli wa Italia aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1494. Lakini usianzie huko. Leo ukifunga duka, anza na namba moja.