Hitilafu Isiyokuwepo

Mwishoni mwa 1991 Microsoft iliwagawia wajaribu wake Windows 3.1 ambayo ilikuwa bado haijakamilika. Wenye MS-DOS, mfumo wa Microsoft yenyewe ambao Windows ilikaa juu yake, hawakuona kitu. Wenye DR DOS, mfumo wa mshindani, walitokewa na ujumbe wa hitilafu wenye namba isiyoeleweka, ukiwataka wawasiliane na kampuni. Ukibonyeza C, kazi iliendelea kama kawaida. Hakukuwa na kilichoharibika.

Andrew Schulman, mjuzi wa undani wa DOS, aliuchimba ujumbe huo na kuyachapisha aliyoyakuta katika jarida la Dr. Dobb's mwaka 1993. Alikuta kipande cha msimbo kilichofumbwa kwa makusudi, kinachojibadilisha kikiwa kinaendeshwa ili kisisomeke kirahisi, na chenye kazi moja tu: kupima kama DOS iliyo chini ya Windows ni ya Microsoft. Katika Windows iliyofika madukani 1992 kipande hicho kilikuwa bado kimo, ila kimezimwa.

Mara nyingi husemwa kwamba mafundi waliichukia Microsoft kwa kijicho, au kwa sababu Windows ilikuwa ikiganda. Kuganda kungesameheka, fundi gani hajawahi kuandika programu ikamgomea? Kilichowaudhi ni kuona utaalamu wao ukitumika kumtia mteja wasiwasi, naye mteja hana namna ya kugundua.

Tena DR DOS haikuwa kimeo. Toleo lake la 1990 lilijua kubana matumizi ya kumbukumbu kabla MS-DOS haijafika huko. Iliundwa na Digital Research, kampuni ya Gary Kildall, baba wa CP/M, mfumo uliotangulia DOS. Na DOS ambayo Microsoft iliinunua 1981 kutoka Seattle Computer Products ilikuwa imeigiza mpangilio wa CP/M hiyohiyo!

Upande wa biashara nao ulikuwa na lake. Watengenezaji wengi wa kompyuta walifungwa na mikataba iliyowalazimu kuilipa Microsoft kwa kila mashine waliyouza, hata isiyo na MS-DOS ndani. Aliyetaka DR DOS alilipia mifumo miwili. Serikali ya Marekani ilikomesha utaratibu huo kwa makubaliano ya 1994.

Kampuni ya Caldera, iliyoinunua DR DOS, ilifungua kesi dhidi ya Microsoft 1996. Januari 2000, kabla baraza la waamuzi wa mahakama halijaisikiliza, Microsoft ilimalizana nayo nje ya mahakama. Kiasi kilifichwa kwa miaka. Baadaye kikajulikana: dola milioni 280.