Kaboni, Shaba na Kerezo: Historia Fupi ya Kufufua Mota za Vigari vya Mashindano

Mota ya umeme yenye kaboni ni miongoni mwa vyombo vichache ambavyo waliovibuni waliamua tangu awali ni kiungo gani kitangulie kuchakaa. Umeme wa betri hauifikii waya inayozunguka ila kwa kugusana, na kugusana penye mwendo hakukosi msuguano. Basi mafundi wa karne ya 19, ambao hapo kwanza walisuguanisha shaba kwa shaba na kuona zote mbili zikilana, katika miaka ya 1880 walianza kutia vipande vya kaboni, kitu laini kipitishacho umeme na kujilainisha chenyewe, ili kilike kilicho rahisi na kisalimike kilicho ghali. Walakini salama hiyo haikuwa kamili, kwani shaba nayo huliwa, ijapokuwa polepole. Na mtu anayetaka mota yake idumu hana budi kuyajua maradhi ya vyote viwili.

Maarifa hayo, yaliyokuwa ya viwanda na treni, yalifika mezani pa wachezaji kwa njia ya Japani. Kampuni ya Mabuchi, iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1954, ilijipatia sifa kwa mota ndogo za vitu vya kuchezea. Na mwaka 1976, kampuni ya Tamiya ya Shizuoka ilipotoa kigari chake cha kwanza cha umeme kiongozwacho kwa redio, mfano wa Porsche 934 uliopunguzwa mara 12, ilikitia mota ya Mabuchi ya namba 540. Huo ulikuwa mkebe wa chuma wa kipenyo cha milimita 36 hivi, na ndani yake sumaku mbili, mhimili wenye mafundo matatu ya waya, pete ya shaba iliyokatwa vipande vitatu, na kaboni mbili zinazoibana pete hiyo huku na huku. Kwa betri ya volti 7.2, mota ya namna hii isiyo na mzigo huzunguka kiasi cha mara 15,000 kwa dakika, na katika kila mzunguko kila kaboni huvuka mianya mitatu. Maana yake ni kwamba hukata umeme na kuuunga mara 45,000 kila dakika, na aghalabu hutoa cheche inapokata. Hata hivyo mkebe ule ulifungwa kwa kukunjwa, haukukusudiwa kufunguliwa: mota ikichoka ilitupwa, ikanunuliwa nyingine.

Lililougeuza mtindo huo wa kutupa ni mashindano. Huko Marekani, ambako chama cha ROAR kilianza kusimamia mbio za vigari mwaka 1967, liliwekwa daraja la mota za kawaida, waya ikizungushwa mara 27 na mkebe ukifungwa, ili tajiri asimshinde maskini kwa mkoba wake. Nia ilikuwa njema, ila mota mbili za kiwanda kimoja hazilingani sawasawa. Mwenye fedha alinunua nyingi, akazipima moja moja, akabakiza ile iliyozidi wenziwe. Katika miaka ya 1990 ndipo ilipokubaliwa mota za daraja hilo zifunguliwe na kufanyiwa matengenezo, maadamu pembe ya kaboni ibaki imefungwa kwenye digrii 24. Na tangu hapo ushindi ulianza kutafutwa katika kutengeneza kuliko katika kuchagua.

Matengenezo hayo yalianza kwa kutazama. Fundi alilegeza springi, akazichomoa kaboni na kuzisoma kama tabibu asomavyo ulimi wa mgonjwa: uso uliogeuka buluu ulimwambia kwamba joto limezidi, na kingo za shaba zilizoungua kuwa nyeusi zilimwelekeza kwenye springi iliyolegea, inayoiacha kaboni irukeruke. Kisha aliuweka mhimili katika kerezo dogo lenye ncha ya almasi, akaikwangua pete kwa unene mdogo kabisa, mara kwa mara, mpaka mifereji ikatoweka na mviringo ukarudi. Mianya aliisafisha kwa wembe, kwa kuwa vumbi la kaboni na vinyweleo vya shaba vikiunganisha vipande viwili, umeme hukatiza pasipo kufanya kazi. Mwisho alitia bushi tone la mafuta, akaweka kaboni mpya, na kuiendesha mota kwa volti mbili tatu kwa dakika chache, hata uso wa kaboni ukachukua umbo la pete. Aliyeharakisha hatua hii na kuupeleka umeme wote kwenye ncha nyembamba ya kaboni aliiunguza shaba aliyotoka kuikereza.

Kila kukereza kuliipunguza shaba, kwa hiyo kila tiba iliukaribisha mwisho wa mota. Ustadi ulikuwa kujua kukwangua kiasi cha haja na kuacha. Fauka ya hayo kerezo lenyewe halikuwa rahisi, hata fedha iliyofukuzwa mlangoni ikaingia tena kwa dirisha. Lakini kerezo liliweza kuazimwa kwa jirani wa mezani, na jicho la kusoma shaba halikuuzwa dukani.

Katika miaka ya 2000 zilienea mota zisizo na kaboni, ambazo sumaku ndiyo izungukayo na waya imetulia, ilhali kazi ya kubadili umeme imekabidhiwa kidhibiti cha kielektroniki. Pasipo kusuguana hapakuwa na cha kukereza, na daraja la kawaida likahamia kwenye mota hizo. Washindani walipata usawa mkubwa zaidi na nafasi ya kupumzika baina ya mbio. Mota ya kaboni ilibaki katika vigari vya bei nafuu na kwa wapandishao vigari miambani, wanaoipenda kwa sababu huanza kuzunguka taratibu bila kushtuka, na ambao hadi leo huibadilishia kaboni na kuikereza pete yake. Kwao hao hakuna sheria ya chama inayowalazimisha. Wanaifufua mota kwa kuwa ndiyo inayowafaa kwa kazi yao.