Damu kuganda mguuni: Jinsi kipimo cha kitandani kinavyofichua hatari

MGUU mmoja unapovimba na kuuma ilhali wa pili uko salama, isidhaniwe tu kuwa ni uchovu. Huenda damu imeganda katika mshipa mkuu unaoirejesha moyoni. Donge hilo likichomoka hufika mapafuni na laweza kuua kwa muda mfupi.

Walio hatarini zaidi ni wajawazito, kina mama waliojifungua karibuni, waliofanyiwa upasuaji, waliovunjika miguu, wagonjwa wa saratani na waliolazwa kwa siku nyingi.

Kipimo cha altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti wala si miale kama eksirei, hivyo ni salama kwa mjamzito. Mhudumu hupaka jeli, kisha huweka kifaa kwenye kinena na baadaye nyuma ya goti. Katika kila sehemu hukandamiza huku akitazama picha. Mshipa usio na kasoro hubonyea hadi kuta zake zikakutana. Wenye donge haubonyei. Shughuli hiyo huchukua dakika chache tu, na mgonjwa hahitaji kuondoka kitandani.

Hilo lina uzito mkubwa Kitui na Makueni. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni, nazo hospitali za rufaa za kaunti hizo ziko mjini Kitui na Wote. Kwa mgonjwa wa Tseikuru, Mutomo au Mtito Andei, safari ya kwenda kupimwa ni ndefu. Mashine ndogo ya kubebwa mkononi yaweza kumfuata aliko, mradi awepo mhudumu aliyefunzwa kuitumia.

Hata hivyo, kipimo hicho kina mipaka. Donge lililo chini ya goti laweza kutoonekana, kisha likapanda. Kwa hivyo, dalili zikiendelea, mgonjwa hupimwa tena baada ya wiki moja hivi. Daktari akishuku sana, huweza kuanzisha dawa za kuzuia damu kuganda kabla ya majibu. Kwa kawaida dawa hizo hutumiwa kwa muda usiopungua miezi mitatu.

Mguu uliovimba hivyo usichuliwe. Mgonjwa akikosa pumzi, akiumwa na kifua au akikohoa damu, afikishwe hospitalini mara moja.