Omu 26

Njombe mwezi wa Julai haina mzaha. Mwaka juzi nilifika likizo nikamkuta Mama amejifunika mablanketi mawili, hita yake imesukumwa pembeni kama mgeni aliyekosa adabu. Fundi alikuwa ameshaitazama. Alisema fyuzi ya joto ya ndani imekata, ataiondoa na kuunganisha waya moja kwa moja, elfu tano tu. Mama alikuwa ameshaandaa hela.

"Mama, ngoja kwanza niipime."

Nilichomoa plagi, nikageuza mita yangu ya bei poa hadi kwenye alama ya Ω. Alama hiyo inasimama badala ya Georg Ohm, aliyekuwa mwalimu wa shule mjini Köln. Miaka ya 1820 betri hazikutulia: zilianza na nguvu, zikalegea katikati ya jaribio. Ohm akaziacha. Akaunganisha metali mbili, bismathi na shaba, ungio moja akaliweka kwenye joto la maji yanayochemka, jingine kwenye barafu. Tofauti ile ya joto ikampa umeme uliotulia. Kisha akawa anabadilisha nyaya, ndefu kwa fupi, akitazama sindano ya sumaku inavyogeuka. Nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya baridi, nilicheka peke yangu: kipimo ninachotafutia joto kilianzia kwenye maji ya moto na barafu. Kitabu chake cha 1827 kilipokewa vibaya hata akaacha kazi. Nishani ya Copley kutoka Royal Society ya London ilimfikia mwaka 1841.

Mita nayo ina mzee wake. Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza, alichoka kubeba vifaa chungu nzima vya kupimia nyaya za mawasiliano, akabuni kimoja cha kupima ampea, volti na omu. Kilianza kuuzwa mwaka 1923 kwa jina la AVO. Yangu ni kitukuu chake, cha plastiki.

Hesabu ni fupi. Hita ya wati 2000 kwenye volti 230: volti mara volti, gawanya kwa wati, unapata omu 26 na ushei. Nikagusa pini mbili za plagi. Kiooni ikabaki "1" peke yake, maana yake njia imekatika mahali. Nikafungua skrubu, nikapima koili, nikitarajia mabaya. 25.9. Nzima kabisa. Waya ule ni nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu ambao Mmarekani Albert Marsh aliupatia hataza mwaka 1906. Ukipata moto hujivika utando wa oksidi, na utando huo ndio unaouwezesha kuiva mwekundu miaka na miaka bila kuliwa na hewa. Thamostati: 0.3. Fyuzi ya joto: "1".

Kumbe fundi alikuwa sahihi. Iliniudhi kidogo, sifichi. Lakini fyuzi ile hukata mara moja tu katika maisha yake, joto likizidi, na mita haisemi joto lilizidi kwa nini. Nikaigeuza hita. Matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa na nyuzi za sufu.

"Mama, huwa unaanika nini hapa?"

"Soksi." Akanyamaza. "Na sweta. Usiku."

Usiku, yeye amelala. Waya wa elfu tano usingekata kitu.

Kesho yake nilipata fyuzi ya joto na ampea zilezile. Haichomelewi kwa risasi, maana joto la chuma cha kuchomelea laweza kuiua kabla haijaanza kazi. Hubanwa kwa koleo. Nikasafisha matundu, nikafunga, nikapima tena kwenye plagi: 26.2. Mama alisogea kutazama namba.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ndiyo uzima wake."

Akaitazama tena, kisha akaenda kufunga kamba ya soksi jikoni.